Kugeuza tope la choo kuwa mkaa wenye kazi: mwongozo kamili

Wakazi wengi wa Dar es Salaam, Kampala, Nakuru na miji mingine ya Afrika Mashariki hawajaunganishwa na mabomba ya maji taka. Wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na vikijaa huitwa gari la kunyonya, au huitwa wachotaji wa mikono ambao Dar es Salaam wamezoeleka kwa jina la vyura, au mwenye nyumba husubiri masika akatapisha choo usiku, yaani akaliachia tope lisombwe na maji ya mvua. Mwongozo huu unahusu tope lile linalofika kwenye mabwawa ya kutibu maji taka, na namna ya kuligeuza kuwa kaboni ya aina tatu: mkaa wa kuwasha, mkaa wa kuboresha udongo, na mkaa wa kunyonya harufu na rangi. Umeandikwa kwa ajili ya vikundi, wahandisi wa mamlaka za maji na wajasiriamali wanaoweza kulipata tope hilo kwa njia halali. Haumhusu mtu anayetaka kufukua choo chake na kukichoma uani.

Kazi yenyewe si ya kubuni. Mjini Nakuru, kampuni ya maji ya mji ina kampuni tanzu iitwayo NAWASSCOAL, ambayo hukausha tope, huligeuza kuwa mkaa, hulichanganya na mkaa wa maranda na kuuza matonge ya mkaa mbadala. Naivasha, Sanivation ilianza kwa njia nyingine, ambapo kinyesi kilipashwa joto la kutosha kuua vimelea kisha kikachanganywa na vumbi la mkaa bila chenyewe kuchomwa. Wote wawili wanachanganya tope na kitu kingine, na sababu ya kufanya hivyo itajitokeza katika karibu kila hatua hapa chini: tope la choo lina majivu mengi kuliko anavyodhani mtu aliyezoea mkaa wa miti.

Amua matumizi kabla ya kuwasha moto

Mchoma mkaa wa miti anajua kwamba mkaa ulioiva kwa joto kali ni mkaa bora, kwa kuwa huwaka bila moshi na kwa kila kilo hutoa joto jingi zaidi. Kwa tope la choo kanuni hiyo inageuka. Mti una majivu machache sana, kwa hiyo kadiri unavyouchoma ndivyo kaboni inavyozidi kubaki peke yake. Tope lina mchanga, chokaa, fosforasi na chumvi ambazo moto hauziondoi, na kila nyuzi unazoongeza zinafukuza sehemu inayoweza kuwaka huku sehemu isiyowaka ikibaki palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya mkaa wa kinyesi cha binadamu ulionyesha hivyo waziwazi: kinyesi kilichochomwa kwa nyuzi 300 za Selsiasi kilitoa mkaa wenye takribani megajuli 25 kwa kilo, sawa na makaa ya mawe ya kawaida, ilhali kile cha nyuzi 750 kilishuka hadi karibu megajuli 14. Mkaa mzuri wa miti huwa na megajuli 28 hadi 30.

Na hicho kilikuwa kinyesi kisichochanganyika na udongo. Tope halisi la mashimo ni jambo lingine. Vipimo vilivyofanywa kwa tope lililokaushwa kwenye vitanda vya mchanga Kampala na Dakar vilikuta majivu ya zaidi ya asilimia 40 ya uzito mkavu, na nishati ya megajuli 11 hadi 13 tu kwa kilo kabla hata ya kuchomwa. Kwa tope la namna hiyo, joto kali linakupa kitu cheusi kinachofanana na mkaa lakini kisichochemsha chai.

Kwa hiyo panga hivi. Ukitaka kuni za tanuri la matofali au boila ya kiwanda, lenga nyuzi 300 hadi 350. Ukitaka mkaa wa jikoni, panda hadi 400 au 450, kwa sababu mkaa wa nyuzi 300 bado una mvuke wa lami ndani yake na utamfukiza mama lishe moshi usiovumilika. Nishati unayopoteza hapo utairudisha kwa kuchanganya na mkaa wa maranda. Kwa udongo, nyuzi 500 hadi 600 zinafaa. Kwa mkaa wa kunyonya, utahitaji karibu 800 na kuendelea. Anayechoma kwanza na kutafuta mteja baadaye hujikuta na bidhaa isiyofaa kwa yeyote kati ya hao.

Kuchagua na kupima tope

Chanzo kinaamua zaidi kuliko tanuri. Kubali tope la nyumba, shule, masoko na vituo vya mabasi. Kataa magari yanayotoka kwenye karakana za magari, viwanda vya ngozi, viwanda vya kupaka chuma rangi au nikeli, na maabara, kwa kuwa risasi, kromu na kadmiamu zikishaingia hazitoki tena. Dereva wa gari la kunyonya anajua alikotoka. Andika jina la mtaa na aina ya jengo katika daftari kila gari linapomwaga, na chukua sampuli ya lita moja kutoka katikati ya mmwagiko, si mwanzoni wala mwishoni.

Sampuli hiyo ipimwe mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha yabisi, yaani sehemu isiyo maji: pima uzito, kausha katika oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, kisha pima upya. Tope la makaro mara nyingi huwa na yabisi ya asilimia 1 hadi 3 tu. La mashimo makavu huwa zito zaidi. La pili ni majivu. Saga tope kavu, chukua gramu 10 kwa mizani ya sonara, weka kwenye kikombe kidogo cha chuma cha pua au cha udongo uliochomwa, na ukiweke juu ya makaa mekundu kikiwa wazi hadi weusi wote uishe na kibaki kitu cha kijivu au chekundu. Maabara hufanya hivyo kwa tanuri la nyuzi 550, lakini kwa uamuzi wa kila siku njia hii inatosha. Ikibaki chini ya gramu 3, una tope zuri la kuni. Kati ya gramu 3 na 5, litafaa kwa mchanganyiko. Ikizidi gramu 5, achana na habari ya kuni kabisa na ulipeleke kwenye njia ya udongo.

Kuchuja

Hatua hii ni fupi kuieleza lakini inachukiwa na kila anayeifanya. Tope lipite kwenye nondo zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 2 hadi 4, ambapo nguo, pedi, chupa, nailoni, viwembe na sindano hubaki. Betri za tochi, ambazo watu hutumbukiza chooni kwa wingi wa kushangaza, ziokotwe zote, kwani kila moja inaongeza zinki na metali nyingine. Plastiki nayo isiachwe kwa hoja kwamba itaungua: zile zenye klorini, kama vipande vya mabomba, hutoa gesi za sumu ndani ya tanuri.

Kukausha: hapa ndipo kazi ilipo

Gari la lita 5,000 lenye tope la yabisi asilimia 2 limebeba kilo 100 tu za kitu kikavu. Kilo 4,900 zilizobaki ni maji. Baada ya kuchoma utapata mkaa wa kilo 50 hadi 60. Kuvukiza kilo moja ya maji kwa moto kunahitaji takribani megajuli 2.6, kwa hiyo anayejaribu kukausha tope bichi kwa kuni atatumia nishati mara nyingi zaidi ya ile atakayoipata. Maji lazima yaondolewe kwa mvuto wa ardhi na kwa jua.

Anza na tangi la kutuamisha, ambamo tope hukaa siku kadhaa, zito likashuka na maji ya juu yakaelekezwa bwawani. Kisha lipeleke kwenye vitanda vya kukaushia. Kitanda ni sakafu ya zege yenye mwinamo kidogo na kuta za nusu mita, iliyowekwa kokoto kubwa chini, kokoto ndogo juu yake, na mchanga mkavu uliochekechwa na kuoshwa, wa punje za milimita 0.2 hadi 0.6, kama sentimita 10 hadi 15 juu kabisa. Chini kuna bomba lenye matundu linalorudisha maji yaliyochujika kwenye mabwawa. Maji hayo hayaendi mtaroni hata siku moja, yamechujwa, hayajatibiwa.

Mimina tope kwa kina cha sentimita 20 hadi 30. Siku za mwanzo maji mengi hushuka kupitia mchanga, kisha jua huchukua zamu. Tope huanza kuonyesha nyufa pembeni, nyufa zinakutana, na mwishowe uso mzima unagawanyika kuwa vigae vyeusi vilivyokunja kingo kuelekea juu. Ukiinua kigae kimoja utaona chini yake kimebeba tabaka jembamba la mchanga lililogandia. Mchanga ule ndio adui. Kila mara kitanda kinapokwanguliwa, mchanga wa kichujio huondoka na tope na kuishia kwenye mkaa wako kama majivu. Kuna njia tatu za kupunguza hasara hiyo: tandika wavu imara wa plastiki au kitambaa cha kichujio juu ya mchanga, tumia reki badala ya koleo, na piga vigae vikavu kwa brashi ngumu upande wa chini kabla ya kuvibeba. Kitambaa huziba na hulazimika kuoshwa, hivyo msimamizi hushawishika kukiacha baada ya muda mfupi. Mimi ningekivumilia, kwa sababu majivu yanayoepukwa hapa hayawezi kuepukwa mahali pengine popote kwenye mlolongo huu.

Wiki mbili hadi tatu zinatosha wakati wa kiangazi. Ukipokea gari moja la lita 5,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na kila kitanda kikikaa wiki tatu, bila kutuamisha utahitaji vitanda 18 vya mita za mraba 25 kila kimoja kwa kina cha sentimita 20, yaani mita za mraba 450 bila njia za kupita. Hesabu hii ndiyo huamua kama eneo lako linatosha. Wakati wa masika zidisha, au ezeka kwa nailoni nyeupe ya vitalu ukiacha pande wazi ili hewa ipite.

Tope linalotoka kitandani huwa bado na unyevu wa asilimia 40 au zaidi. Livunje vipande vya ukubwa wa yai, litandaze kwenye meza za wavu chini ya paa la nailoni na uligeuze kila siku hadi lifike asilimia 15. Kwa jicho, kipande kikivunjwa hutoa sauti kavu na ndani hakina rangi iliyokoza kuliko nje.

Afya ya wafanyakazi

Ukavu hauui mayai ya minyoo. Mayai ya askarisi hustahimili ukame na huishi kwenye udongo miezi mingi, hata miaka, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaja muda wa mwaka mzima wa kuhifadhi kinyesi katika nchi za joto kabla hakijatumika bila kupashwa moto. Tanuri huyaua yote ndani ya dakika chache. Hatari basi iko mahali pawili: kabla ya tanuri, ambako vumbi la tope kavu huvutwa puani, na baada ya tanuri, pale mkaa safi unapochotwa kwa koleo lililotoka kwenye tope bichi. La pili husahaulika zaidi. Paka mipini ya vifaa vya upande wa tope rangi nyekundu na ya upande wa mkaa rangi ya kijani, jenga ukuta au angalau uzio kati ya pande hizo mbili, na hakikisha upepo unavuma kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye tope. Mabuti, glavu za mpira, barakoa ya vumbi na mahali pa kuoga ni sehemu ya gharama za mradi. Wafanyakazi wachanjwe pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A.

Tanuri na uchomaji

Tanuri la kawaida la pipa, lile linalowashwa juu na kupitisha hewa kutoka chini, halifai kwa tope lililosagika, kwa kuwa unga hubana na kuziba hewa. Kwa kuanzia, tanuri linalofaa ni lile la pipa ndani ya pipa, ambalo tope hufungiwa peke yake na moto huwa nje.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 liwe ganda la nje, na toboa matundu ya hewa kuzunguka sehemu yake ya chini. Ndani yake simamisha pipa jembamba lenye mfuniko wa kubana kwa bolti, ukiacha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 pande zote. Kutoka juu ya pipa la ndani toa bomba la chuma la inchi mbili, lishushe hadi chini kwenye moto, na utoboe matundu madogo kwenye ncha yake. Gesi zinazotoka kwenye tope zitapita humo na kuungua, zikisaidia kulipasha pipa lilelile zilikotoka. Usitumie bomba la nusu inchi hata kama fundi anasema linatosha: lami ya tope huganda na kuziba, na pipa lililozibwa likiwa motoni ni bomu. Safisha bomba hilo kwa fimbo ya chuma kabla ya kila uchomaji, na juu ya ganda la nje weka dohani ya mita mbili.

Jaza vipande vya tope bila kushindilia. Nafasi ya pembeni ijaze magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi au mabaki ya mbao, washa juu, na fuata moshi. Mwanzoni hutoka mvuke mweupe mzito usiodumu hewani. Hayo ni maji, na ukiona yanaendelea kwa zaidi ya saa moja ujue tope halikukauka. Baadaye moshi hugeuka wa njano na harufu kali ya amonia na mayai viza hujitokeza, kwani tope lina nitrojeni na salfa nyingi kuliko kuni. Wakati huo ncha ya bomba inapaswa kuwaka yenyewe kwa mwali unaovuma. Usipowaka, ongeza kuni. Kuacha gesi hiyo itoke bila kuungua ni kuwafukuza majirani na kuwadhuru wafanyakazi, maana ndani yake mna monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Kaa upande unakotoka upepo, na tanuri lisiwekwe ndani ya banda lenye kuta.

Kwa joto, nunua kipimajoto cha waya cha aina ya K chenye ala ya chuma cha pua na ukipitishe katikati ya pipa la ndani. Bila kifaa hicho hutajua kama uko 300 au 500, na tumeona tofauti yake. Joto la katikati likifika kiwango ulichopanga, lishikilie kwa saa moja. Kwa mkaa wa udongo, alama ya ziada ni kwamba mwali wa bomba hupungua na kufa wenyewe.

Kisha ziba matundu yote ya hewa ya ganda la nje kwa udongo wa mfinyanzi na uache hadi kesho yake. Mkaa wa tope unaofunguliwa ukiwa moto huwaka papo hapo. Hata uliopoa huvuta oksijeni taratibu na kupata joto upya, hivyo utandaze kwa tabaka jembamba chini ya paa kwa saa 24 kabla ya kuutia kwenye magunia. Ghala la mkaa mbadala linaweza kuungua kwa kupuuza siku hiyo moja.

Njia ya kwanza: mkaa wa kuwasha

Mkaa wa tope peke yake haukai tongeni wala hauwaki vizuri. Uchanganye na vumbi la mkaa wa miti linalobaki kwenye vibanda vya wauzaji, au na maranda na magunzi uliyochoma mwenyewe. Kwa tope lenye majivu ya wastani, sehemu moja ya mkaa wa tope kwa sehemu mbili za vumbi la mkaa ni uwiano wa tahadhari. Ukiwa na tope zuri waweza kwenda nusu kwa nusu. Saga vyote vipite kwenye chekeche la milimita 3.

Kiunganishi kizuri ni uji wa unga wa muhogo. Chukua gramu 50 za unga kwa kila kilo moja ya mchanganyiko mkavu, koroga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga hadi ung'ae na kuvutika, kisha uchanganye ungali wa moto. Molasi nayo inafunga vizuri, kwa takribani asilimia 10 ya uzito, na hupatikana kwa bei ndogo karibu na viwanda vya sukari, lakini matonge yake hunyonya unyevu wa pwani na hutoa moshi dakika za kwanza. Udongo wa mfinyanzi usitumike. Tope lina majivu ya kutosha bila kuongezewa mengine. Ukikamua mchanganyiko mkononi na ukabaki na umbo bila kudondosha maji, uko tayari kwa mashine ya kusokota au kwa mikono.

Kausha siku tatu hadi tano juani. Jaribio la kwanza ni kuangusha tonge kutoka urefu wa mita moja kwenye sakafu ya saruji: likipasuka vipande viwili linauzika, likisambaratika unga ongeza uji. Jaribio la pili ni la jiko. Pima nusu kilo ya matonge na nusu kilo ya mkaa wa miti, chemsha lita mbili za maji kwenye majiko mawili yanayofanana, na andika muda wa kuchemka, muda wa kuendelea kutokota na uzito wa majivu. Mkaa wa tope karibu daima utachelewa kuchemsha, lakini moto wake huwa wa taratibu na wa muda mrefu, jambo linalowafaa wapika maharage na makande kuliko wakaanga chipsi. Muuzie mteja huyo wa maharage. Mwambie pia kwamba majivu yatajaa jikoni mapema na yatahitaji kukung'utwa katikati ya upishi. Asipoambiwa atadhani moto umezimika na hatarudi.

Njia ya pili: mkaa wa udongo

Hapa majivu hayana ubaya, kwa kuwa ndani yake mna fosforasi, kalisi na magnesi. Fosforasi karibu yote hubaki kwenye mkaa, ilhali nitrojeni nyingi huondoka na gesi, na ile inayobaki mmea hauipati kirahisi. Kwa hiyo mkaa wa tope si mbadala wa mbolea ya kukuzia. Uloweke kwenye mkojo uliohifadhiwa au uuchanganye na mboji kwa wiki tatu au nne kabla ya kuupeleka shambani, ndipo uweke nusu kilo hadi kilo moja kwa mita ya mraba, yaani tani 5 hadi 10 kwa hekta, ukichanganywa na udongo wa juu.

Mkaa huu una chokaa na huelekea upande wa magadi. Udongo mwekundu wenye tindikali wa nyanda za juu utanufaika. Udongo wa mawe ya matumbawe wa pwani, au wenye chumvi nyingi, utaumia. Pima kwanza pH, yaani kiwango cha tindikali cha udongo.

Metali nzito ndizo zinazopaswa kukunyima usingizi. Tope likipoteza nusu ya uzito wake tanurini, metali ambazo hazikuondoka zinakuwa mara mbili katika kila kilo iliyobaki. Zebaki hutoka na gesi, kadmiamu hutoka kwa sehemu kwenye joto kali, lakini risasi, shaba, zinki, kromu na nikeli hubaki kwa sehemu kubwa, japo zikiwa zimefungwa zaidi kuliko mwanzo. Peleka sampuli moja ya mchanganyiko wa kila mwezi kwenye maabara yenye uwezo wa kupima metali, kama ya chuo kikuu au ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa walioko Tanzania. Kama kipimo cha kulinganisha, maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1986 kuhusu tope shambani yanaweka kikomo cha kadmiamu kati ya miligramu 20 na 40 kwa kilo kavu, na risasi kati ya 750 na 1,200. Viwango vya hiari vya mkaa wa kilimo huko Ulaya ni vikali zaidi, kadmiamu 1.5 na risasi 120. Ningelenga vile vikali, na kwa mboga za majani ningeuacha kabisa mkaa wa tope hata ukifaulu. Miti ya matunda, vitalu vya miche ya misitu na maua vinatosha. Anayeota soko la Ulaya ajue pia kwamba kanuni ya mbolea ya Umoja huo, namba 2019/1009, haikubali tope la maji taka kama malighafi ya mkaa wa udongo.

Kuna jaribio dogo la lami ambalo halihitaji maabara. Sugua mkaa uliolowa kiganjani, kisha suuza kwa maji bila sabuni. Ukitoka wote, umeiva. Ukiacha utando wa mafuta unaoteleza, rudisha tanurini, kwa kuwa lami hiyo ina kemikali zinazosababisha saratani.

Njia ya tatu: mkaa wa kunyonya

Mkaa wa kunyonya, unaoitwa pia mkaa hai, hutengenezwa kwa kufungua vitundu vidogo ndani ya kaboni, ama kwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 900, ama kwa kuuchanganya na hidroksidi ya potasiamu na kuuchoma kwenye nyuzi 600 hadi 800, kisha kuuosha kwa asidi na maji mengi. Njia ya potasiamu ina kemikali inayounguza ngozi na macho na hula chuma cha tanuri, kwa hiyo iachiwe maabara. Ile ya mvuke inawezekana kwenye karakana yenye fundi hodari: mkaa ukishafika nyuzi 800, mvuke hupitishwa taratibu kwa bomba la chuma cha pua kwa nusu saa hadi saa moja, na kila dakika inayopita inakula sehemu ya kaboni.

Usitarajie mkaa unaolingana na wa vifuu vya nazi. Ule mzuri wa vifuu huwa na eneo la ndani la mita za mraba 800 hadi 1,200 kwa gramu moja. Wa tope mara nyingi huishia mia chache. Kwa maji ya kunywa tumia vifuu, ambavyo pwani tunavitupa bure, na tope lipewe kazi chafu ambazo linaziweza vyema. Kubwa kuliko zote ni kukamata salfidi ya hidrojeni, gesi ile ya mayai viza inayokula injini na majiko ya biogesi. Chuma na kalisi vilivyomo kwenye majivu huifunga na kuibadilisha, na hapo majivu yaliyokuwa hasara jikoni yanakuwa faida. Mtambo wa biogesi ukiwa kwenye eneo lilelile la mabwawa, jaza bomba la plastiki la inchi sita kwa punje za milimita 3 hadi 5, pitisha gesi kutoka chini kwenda juu, na badilisha punje harufu inapoanza kupita. Matumizi ya pili ni maji machafu ya wapaka rangi vitambaa. Jaribu kwa chupa: gramu 5 za mkaa kwenye lita moja ya maji ya rangi, tikisa kwa saa moja, acha yatulie na ulinganishe na chupa isiyotiwa kitu.

Ipo pia njia ya nne, ya kupika tope likiwa majimaji ndani ya chombo kilichofungwa kwa nyuzi 180 hadi 250, ambayo inaruka hatua nzima ya kukausha. Shinikizo lake hufika mara makumi ya lile la hewa ya kawaida, chombo chake lazima kikaguliwe kama boila, na maji yanayobaki yana uchafu mkali unaohitaji mtambo wake. Ni kazi ya mamlaka ya jiji, si ya kikundi.

Vibali, bei na gunia

Mradi wa namna hii unahitaji kupita kwenye taasisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira kwa tathmini ya mazingira: nchini Tanzania ni NEMC, na Kenya NEMA. Mkataba na mamlaka ya maji ndio utakaokupa tope, na ada ya kumwaga inayolipwa na magari ndiyo mapato ya uhakika kuliko mkaa wenyewe. Ipange hesabu yako ada hiyo ikilipia vitanda na vibarua, na mkaa ulipie tanuri, mashine na usafiri. Mradi unaotegemea mkaa peke yake kulipia kila kitu utashindana kwa bei na mkaa wa miti, ambao mchomaji wake mara nyingi hakuulipia mti.

Bei iwekwe kwa joto, si kwa kilo. Tonge la megajuli 18 likiuzwa kwa bei ya kilo ya mkaa wa megajuli 29 litanunuliwa mara moja tu. Liuzwe kwa asilimia 60 au chini kidogo. Juu ya gunia andika uzito, tarehe ya kuchoma, aina ya matumizi na neno kwamba mkaa umetokana na tope la choo lililochomwa kwa nyuzi zilizotajwa. Wauzaji wengine hushauri neno hilo lifichwe, lakini mtaani habari huenea, na mteja aliyeambiwa tangu mwanzo huuliza maswali yake pale kibandani, ambapo mtu wa kuyajibu yupo.